Konami walituomba subira, wakatuletea eFootball. Kilichowaharibia ni gemu au ni kauli zao?

#1 Mgosi wa Ngamiani

Wakuu, salaam.

Naleta hoja kama ilivyo. Konami, kampuni ya gemu ya Kijapani, hawakuwapoteza mashabiki wa PES, gemu yao ya mpira, kwa sababu ya ubovu wa gemu. Mbovu tulishacheza na tukavumilia. PES 2014 ilikuja hata mvua uwanjani hakuna, tukaicheza. Waliwapoteza watu kwa namna walivyozungumza nao.

Fuatilieni mtiririko wenyewe. Julai 2020 walitangaza kwamba PES 2021 haitakuwa gemu mpya. Ni ile ya 2020 iliyobadilishwa vikosi na jezi, kwa sababu nguvu zote zinakwenda kwenye gemu ya kizazi kipya itakayotumia Unreal Engine, injini yaani programu ya kujengea gemu. Wakaiuza kwa dola 29.99, karibu nusu ya bei iliyozoeleka. Kwangu ile ilikuwa kauli ya heshima. Wamesema ukweli, wamepunguza bei, wameomba subira. Tukawapa.

Juni 2021 wakatoa gemu ya majaribio isiyo hata na jina, wakasema wanapima seva tu. Julai 21 ikatoka trela: PES hakuna tena, jina sasa ni eFootball, bure kwa wote. Septemba 30 gemu ikaingia sokoni. Timu tisa. Master League, ile ya kuongoza timu yako msimu hadi msimu, hakuna. Nyuso za Messi na Ronaldo zikasambaa dunia nzima watu wanacheka. Haikumaliza siku mbili ikawa ndiyo gemu yenye maoni mabaya kuliko zote Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Oktoba 1 wakaandika kuomba radhi, wakataja kasoro za nyuso, za mwendo wa wachezaji na za mpira wenyewe, wakaahidi sasisho mwezi huohuo. Likaja Novemba.

Sasa naomba mnijibu. Kampuni ambayo watu wameipenda miaka zaidi ya ishirini, kwa nini inaongea nao kama imekutana nao leo asubuhi? Nani alikaa akaamua kwamba siku ya kuizika PES tuoneshwe Messi anatabasamu, halafu neno Master League lisitajwe?

Nawasilisha.

#2 Kimanumanu

Hoja nzito, ila umewahurumia mno. Kauli ni moshi tu. Moto ni pesa.

Mwaka 2015 mkuu wao Hideki Hayakawa alisema bila kuficha kwamba mustakabali wa gemu uko kwenye simu. Tangu hapo kila kitu kimeelekea huko. PES unanunua mara moja unakaa nayo mpaka pedi zichakae. Wao wanapata nini? Ila ukipewa bure, ukawekewa kadi ya mchezaji wa zamani unayemlilia, ukaanza kununua sarafu kila Alhamisi wanapobadilisha kadi, hapo wamekupata. Hakuna ofisa uhusiano anayeweza kulisema hilo kwa kauli nzuri. Ndiyo maana wanaongea kwa kuzungukazunguka.

#3 Mzee wa Pedi

Habari zenu vijana. Mimi nina kibanda cha gemu Makorora, nimeanza na PS2 mpaka leo.

Nataka niwaambie jambo ambalo kwenye hizo trela hamtalisikia. Kibandani kwangu PS3 zinacheza PES 2013 na PS4 zinacheza PES 2021. Ndiyo zinazoniingizia hela. Utaratibu wenu mnaujua: mnalipia mechi, anayefungwa anatoka, mshindi anabaki. Mtoto anakaa, anashika pedi, anachagua timu, dakika kumi biashara imeisha, mwingine anaingia.

eFootball nitaiwekaje? Inataka intaneti muda wote, inataka akaunti. Mashine za vibandani nyingi zimechipiwa zisome gemu za kunakili, ukiziunganisha mtandaoni umejitafutia balaa. Umeme ukikatika katikati ya mechi hapa hatuna shida, tunarudia. Kule seva inakuhesabu umekimbia. Na hata ukifanikiwa kuingia, wateja wawili waliokaa benchi moja wanachezaje na timu tisa?

Sisi wa vibanda ndio tuliowafundisha watoto wa Tanga hii jina la PES. Mtoto alikuwa hajui Japani iko wapi lakini Castolo na Minanda, wachezaji wa kubuni wa PES, anawajua. Hatukuwahi kuomba malipo. Ila ukiijenga gemu kwa namna ambayo kibanda hakiwezi kuiweka, umemfungia mlango mtu aliyekuwa anakutangazia bure.

#4 Binti Chumbageni

Shikamoo Mzee wa Pedi. Kaka zangu wamekulia kibandani kwako, mama alikuwa anawafuata na fimbo.

Mgosi, nakubaliana na nusu ya hoja yako ila hapa tuwe wakweli. Kwamba mwanzoni zingekuwepo timu chache walisema kabla. Ramani yao ya Julai 2021 ilionesha awamu: kwanza mechi za kirafiki na timu chache, baadaye ligi za mtandaoni na kujenga timu, baadaye tena wenye simu waweze kucheza na wenye PS. Tatizo si kwamba walificha.

#5 Mgosi wa Ngamiani

Marekebisho yako ni sahihi dada, na ndiyo yanayonipa nguvu zaidi. Walisema, lakini walisemea wapi? Trela ya dakika kadhaa, muziki, Messi, Neymar, uwanja umejaa. Halafu kwenye picha ya ramani, maandishi madogo, ndipo unapogundua kwamba unachopewa Septemba ni kionjo. Wangeandika kwenye trela yenyewe, "hiki ni kionjo, gemu kamili inakuja mwakani", nani angewatukana? Tungepakua, tukaonja, tukasubiri.

Waliita kionjo jina la gemu kamili, wakakipa na namba ya mwaka, eFootball 2022. Hapo ndipo ninapopashikilia.

#6 Da Mwana

Naomba nichangie kwa upande ambao wengi hamuuoni. Mimi kazi yangu ni kusimamia kurasa za mitandao za biashara, zipo za hapa Tanga na za nje ya Tanga. Si za gemu, ila ukurasa ni ukurasa.

Anayeandika yale maneno mara nyingi hajui kitu. Anaambiwa leo saa nne weka hili tangazo, saa kumi weka picha hii. Mteja akiuliza swali zito, anapeleka ndani, ndani wanakaa kimya siku tatu, halafu wanarudi na sentensi moja iliyopitiwa na mwanasheria, na bosi, na bosi wa bosi. Mpaka ifike kwenu haina damu. Nimewahi kukatazwa kuandika "samahani" kwa sababu mkubwa mmoja aliona samahani ni kukiri kosa. Ikawa "tunathamini maoni yenu". Watu walinivamia mimi, na mimi nilikuwa na hasira kuwashinda.

Sasa fikirieni kampuni ya Kijapani, makao Tokyo, waandishi wa kurasa wengine wako Ulaya, tofauti ya saa saba, nane. Waliotengeneza gemu wanajua kabisa haijaiva. Wanaotangaza wanajua tarehe tu. Hizo pande mbili hazikukaa meza moja, na mashabiki ndio waliokuja kulipia.

Kwa hiyo siamini kwamba mtu alikaa akaamua kuwadharau. Naamini hakuna aliyekaa akaamua lolote, na kwangu mimi hilo ni baya zaidi.

#7 Fundi Deki

Nyote mnazunguka mbuyu. Mimi ni fundi wa hizi mashine, acheni nieleze kiufundi.

PES kuanzia 2014 mpaka 2021 ilitumia Fox Engine. Injini ile ilizaliwa ndani ya Konami chini ya Hideo Kojima, yuleyule wa gemu za Metal Gear. Kojima na kampuni wakaachana 2015, tena kwa ubaya. Mwaka huohuo kwenye tuzo za The Game Awards gemu yake ilishinda na mwongozaji wa hafla akatangaza jukwaani kwamba wanasheria wa Konami wamemzuia asihudhurie. Sasa aliyejenga injini kaondoka, timu ya mpira ikabaki nayo inaibembeleza miaka sita.

Wakaamua kuhamia Unreal. Kuhama injini maana yake kila mwendo wa mchezaji, kila mguso wa mpira, kila wavu unaotikisika unaujenga upya. Halafu wakajitwisha na mzigo mwingine: gemu moja iendeshwe kwenye simu, PS4, PS5, Xbox na kompyuta kwa wakati mmoja. Muda waliojipa haukutosha. Wangekuwa na wasemaji wazuri kuliko wote duniani, ile Septemba ingewaumbua vilevile.

#8 Bando Limeisha

Mimi nitatukanwa lakini nasema. eFootball ya simu ya sasa ni tamu. Nina miaka 19, PES 2013 nimeikuta kwa kaka. Nacheza eFootball bwenini, wenzangu wote wanacheza, tunaunganisha simu tunafungana. Sijawahi kununua sarafu hata moja, naokota za bure tu. Nyie wakubwa mnalilia kitu ambacho kilishapita, wenzenu tunafurahia.

#9 Kimanumanu

Bwana mdogo hakuna wa kukutukana, cheza. Ila wewe ndiye ushahidi wangu wa #2. Simu ndiko walikokuwa wanakwenda na wamefika. Kila siku wanatangaza upakuaji, umepita milioni 500 siku nyingi.

#10 Binti Chumbageni

Hiyo namba nayo itazamwe vizuri. Juni 2022 eFootball ya simu haikuja kama programu mpya. Waliisasisha ileile PES 2021 ya simu. Aliyekuwa nayo aliamka akaikuta imegeuka. Kwa hiyo hesabu ya upakuaji imebeba na watu walioipakua ikiwa bado PES, wakiwemo waliochukia wakafuta. Ukitangaza namba kubwa bila kulisema hilo, unawafanya watu waliokasirika wahesabiwe kama wanaokushangilia. Hii ndiyo tabia Mgosi anayoilalamikia, na haihusiani na injini.

#11 Mwalimu wa Duga

Habari za jioni wote. Uzi mzuri, nimeusoma wote.

Niongeze mifano ya kulinganishia maana Konami si wa kwanza. Desemba 10, 2020 CD Projekt walitoa Cyberpunk 2077. Walioipitia kabla ya kutoka walipewa toleo la kompyuta, la PS4 na Xbox One halikuoneshwa. Siku ya siku wenye PS4 wakakuta gemu inakwama, inazima. Sony wakaiondoa dukani kwao wiki moja baadaye na kurudishia watu pesa. Nafikiri ilikaa nje ya duka kama mwezi mmoja.

Mwingine ni Hello Games na No Man's Sky, Agosti 2016. Msemaji wao Sean Murray alikuwa ameahidi mengi kwenye mahojiano, gemu ikatoka pungufu. Matusi yalikuwa ya kutisha. Wale walifanya nini? Walinyamaza. Wakafanya kazi, wakatoa sasisho moja baada ya jingine, yote bure, na kufika lile la NEXT mwaka 2018 watu walewale wakaanza kurudi. Leo wanasifiwa.

Kwa hiyo Mgosi, mimi naona tiba ya kauli mbaya si kauli nzuri. Ni kufunga mdomo na kutengeneza.

#12 Muheza Kwetu

Mwalimu, Cyberpunk haikukaa mwezi mmoja nje. Ilirudi duka la PlayStation Juni 2021, miezi sita. Na pamoja na hayo yote walishauza nakala milioni 13 kufikia Desemba 20, hapo wameshatoa za waliorudishiwa. Hayo ndiyo yanayowapa kiburi. Hasira za watu hazionekani kwenye hesabu.

Kiburi chenyewe mfano wake halisi ni EA, wale waliokuwa wanatengeneza FIFA, Novemba 2017, gemu ya Star Wars Battlefront II. Mtu alilalamika Reddit kwamba amelipa dola 80 na bado Darth Vader amefungiwa mpaka acheze masaa chungu nzima. EA wakajibu kwamba nia ni kuwapa wachezaji fahari ya kufanikisha jambo. Jibu lile likapigiwa kura za kupingwa zaidi ya 600,000, likaingia kitabu cha rekodi cha Guinness. Mwaka uliofuata Ubelgiji wakasema makasha ya bahati ya kulipia ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA wakaacha kuuza FIFA Points, sarafu za kulipia za gemu ya FIFA, kule.

Sentensi moja iliyoandikwa na mtu mmoja ofisini. Da Mwana anaelewa ninachosema.

#13 Wa Pangani

Wakuu, mnasahau leseni. Mimi naamini mwisho wa PES ulianza 2018 walipopoteza Ligi ya Mabingwa Ulaya baada ya miaka kumi, ikahamia FIFA 19. Ule wimbo ndio uliokuwa unatupeleka kibandani! Baada ya hapo wakawa wanakimbilia timu mojamoja. Juventus wakaichukua peke yao 2019, kule FIFA 20 ikaitwa Piemonte Calcio. Sawa, lakini ligi ya Uingereza timu nyingi bado zilikuwa na majina ya kubuni. Miaka ya nyuma shabiki wa Liverpool aliambiwa achague Merseyside Red!

Ukishakuwa huna leseni, unachobakiwa nacho kutangaza ni nini? Sura za mastaa. Ndiyo hao Messi na Neymar.

Halafu niwaulize tu, kuna mwenye ile PES ya PSP, mashine ndogo ya mkononi ya Sony, inayochezwa kwenye simu, iliyowekwa Ligi Kuu yetu? Ile yenye Coastal Union na jezi zake. Yangu ilifutika na simu.

#14 Kimanumanu

Coastal ukiitafuta kwenye simu utaipata, ubingwa je? Tangu 1988 mnasubiri sasisho.

#15 Wa Pangani

African Sports yako hata kwenye hiyo ya kuchomekwa haipo, wewe kaa kimya. Tutaonana Mkwakwani.

#16 Fundi Deki

Wa Pangani, ninalo faili, njoo na flashi. Ila tazameni ajabu ya hilo mlilolitaja kwa utani. Vijana wa hapahapa, bila kulipwa, bila ofisi, wamekaa wakachora jezi za timu zetu, wakaandika majina ya wachezaji, wakaingiza kwenye gemu ya PSP ambayo toleo lake la mwisho ni la 2014. Na wanajibu maswali! Ukikwama unamwandikia kijana WhatsApp, anakuelekeza folda gani uweke wapi mpaka ifunguke. Huo ndio uhusiano na wateja. Kampuni kubwa haina hata anwani ya kukujibu.

#17 Mama Watatu

Hilo la kujibiwa limenigusa. Mwanangu alikuwa anacheza gemu moja ya simu, kampuni siitaji. Nilimnunulia sarafu siku ya kuzaliwa kwake, kupitia kwa shemeji yake mwenye kadi ya benki. Pesa ikakatwa, sarafu hazikufika. Tumeandika. Jibu linakuja papo hapo kwa jina la mtu, linashukuru kwa uvumilivu wetu. Ukiandika tena jibu ni lilelile, neno kwa neno, jina la mtu limebadilika. Mtoto ananiuliza, mama, wamesoma? Ningemwambia nini?

Pesa yenyewe ilikuwa ndogo. Kilichoniuma ni mtoto kuona kwamba mtu mzima anaweza kukuandikia barua bila kusoma yako.

#18 Mgosi wa Ngamiani

Pole sana mama. Umeieleza hoja yangu kuliko nilivyoieleza mwenyewe.

Mwalimu #11, kunyamaza nako kuna namna mbili. Hello Games walinyamaza huku kazi inaonekana, kila sasisho lina orodha ya walichorekebisha. Konami walifanya kinyume. Walikuwa wanaongea na kazi haionekani. Radhi Oktoba. Novemba wanasema toleo la 1.0 limesogezwa mpaka majira ya kuchipua ya 2022. Likaja Aprili 14. Master League nayo wakaiahidi, ya kulipia, ije 2023. Mwaka ukapita bila. Kila tarehe ni tangazo, kila tangazo lina picha nzuri.

#19 Mtoto wa Sahare

Naomba niingilie. Mnajadili kana kwamba hawa watu wanaongea na sisi. Hawaongei na sisi!

Duka la PlayStation halina Tanzania. Ukifungua akaunti unatafuta nchi yako haipo, unajiandika uko Afrika Kusini au Marekani. Hebu kumbukeni Mei 2024, Helldivers 2. Sony walitaka kila anayeicheza kwenye kompyuta aunganishe akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation. Gemu ikaondolewa Steam katika nchi zaidi ya 170 ambazo PSN haipo. Watu walikuwa wameshalipa! Kuna mtu alikaa akapanga sharti lile na hakujiuliza hata mara moja kama kuna mtu anaishi nje ya orodha yake ya nchi.

Waliorudisha nyuma sharti lile ni wachezaji. Walimwaga maoni mabaya mamia ya maelfu ndani ya siku chache, Sony wakaghairi. Kwa hiyo kelele zinafanya kazi, mradi zitoke kwa watu ambao wanaonekana kwenye hesabu. Sisi wa PS3 iliyochipiwa hatuonekani. Hata tukinuna mwaka mzima hakuna grafu inayoshuka.

#20 Mzee wa Pedi

Mtoto wa Sahare, umesema kweli ila usiishie kwenye unyonge. Hawatuoni kwa sababu hawajaja kututazama. Kampuni za soda zinakuja mpaka kwenye duka la mtaani, zinaacha friji na bango. Hawa wangeweza kutengeneza toleo la kibanda, lisilotaka intaneti, walipishe kwa mwaka. Mimi ningelipa. Niko tayari kulipia kitu halali kama kinauzwa kwa namna ninayoweza kukinunua. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

#21 Da Mwana

Mzee, shikamoo. Hilo wazo lako lingenipa mimi kazi ya mwaka mzima na ningeifanya kwa furaha.

Kwa Mwalimu na Mgosi: siku hizi wapo wanaofanya ukimya kuwa ndiyo tangazo lenyewe. Rockstar na gemu yao ya GTA VI. Walisema 2025, wakasogeza mpaka Mei 26, 2026, wakasogeza tena mpaka Novemba 19, 2026. Kati ya tangazo na tangazo hawasemi neno. Lakini mnaona watu wanavyowasamehe? Kauli zao fupi, wanataja tarehe mpya, wanaomba radhi, wanaeleza kwamba wanataka kuimaliza vizuri, basi. Hawakulazimishi ushangilie kuahirishwa.

#22 Bando Limeisha

Tunawasamehe kwa sababu GTA San Andreas tuliicheza mpaka tukaijua kila kichochoro, da Mwana. Si kwa sababu ya kauli. Na ile GTA Trilogy ya 2021, gemu tatu za zamani zilizotengenezwa upya, walivyoitoa mbovu mbona waliomba radhi na watu hawakuwasamehe haraka?

#23 Kimanumanu

Bwana mdogo leo amenifurahisha. Mgosi, jibu hilo. Na nikuongezee jingine. EA nao walibadilisha jina. Mei 2022 wakatangaza wanaachana na FIFA, Septemba 2023 ikatoka EA Sports FC 24. Jina la miaka thelathini likafa. Vibandani nani alilia? Hakuna. Kwa sababu ulipoiwasha uliikuta ni gemu ileile, na kila kitu kipo. Basi kilichowaua Konami ni gemu, hoja yako ya kauli imeanguka.

#24 Mgosi wa Ngamiani

Haijaanguka. EA walitoa taarifa zaidi ya mwaka mmoja kabla. Waliwaambia watu mapema kabisa ligi na timu zinabaki na aina zote za kucheza zinabaki. Mtu alijua anachokipoteza, ni jina tu. Konami walitupa miezi miwili na siku kama kumi, na katika hiyo miezi hatukujua kama Master League imekufa, imelala au inauzwa kando. EA siwatetei, #12 ameshawaeleza. Ila kwenye hili walimheshimu mteja, na gemu nzuri peke yake isingeziba pengo hilo.

#25 Binti Chumbageni

Swali kwa Kimanumanu. Kama ni pesa tupu, mbona waliwarudishia waliolipia mapema ile Premium Player Pack, kifurushi cha kulipia cha eFootball? Toleo la 1.0 lilipoahirishwa, walifuta oda zote na kurudisha fedha.

#26 Kimanumanu

Walirudisha kwa sababu hawakuwa na cha kumkabidhi aliyelipa. Gemu ya kuvitumia hivyo vitu ilikuwa haijamalizika.

#27 Fundi Deki

Na kwa nini ilikuwa haijamalizika? Rudini #7.